Minyoo bapa: ifyonze kwanza, dawa baadaye

Kwa wenzangu wachache wa Lubumbashi mnaofuga matumbawe nyumbani, kwenye akwariamu (tangi la kioo) ya maji ya chumvi: mkiona minyoo bapa, yaani vidoa vya rangi ya kutu vikitambaa kwenye mawe na kioo, msikimbilie dawa. Minyoo hii ina sumu mwilini na huiachia inapokufa. Ikifa mingi kwa pamoja, samaki nao wako hatarini. Ivuteni kwanza kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo kila siku, hadi ibaki michache.

Ndipo utie dawa, mfano Flatworm eXit, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kabla ya kufungua chupa, uwe na maji ya chumvi yaliyokwisha changanywa, pamoja na mkaa wa kuchujia (ule wa akwariamu, si makala ya mbabula, jiko la kupikia!). Minyoo ikianza kung'oka na kuelea, inyonye papo hapo, halafu weka mkaa na ubadilishe sehemu ya maji.

Na umeme wetu mnaujua. Mimi sianzi bila betri ya kuendesha pampu, maana mkaa usiopitiwa na maji hausafishi kitu. Rudia dawa baada ya wiki hivi, kwa ile iliyojificha.