Kuandaa tafakari ya Luka 5:1–11 mbele ya watu wanaolijua ziwa

Ukiisoma habari ya Simoni Petro, aliyekesha bila kupata kitu kisha kwa neno la Yesu akazishusha nyavu tena na kujaza samaki vyombo viwili, kwenye jumuiya ya Igombe, Kayenze au huko Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, hutahitaji kumweleza mtu maana ya kukesha majini na kurudi mikono mitupu. Hiyo ni nusu ya kazi imeshafanyika. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu: kulizuia ziwa la hapa lisijimwage ndani ya Injili mpaka Luka mwenyewe akose nafasi ya kusema. Maelekezo haya ni ya tafakari ya dakika kumi, iwe ya jumuiya ndogondogo Jumamosi asubuhi au ya ibada ya nyumba kwa nyumba. Kwa Wakatoliki, somo hili husomwa pia Jumapili ya 5 ya mwaka C.

Anza siku tatu kabla. Tafuta Biblia za tafsiri mbili (Union Version na Habari Njema zinatosha), kaunta buku, kalamu, na saa moja ambayo simu itakuwa chumba kingine. Soma kwa sauti mara tatu bila kuandika kitu. Mara ya nne gawa ukurasa mara mbili, kushoto Yesu, kulia Simoni, kisha andika vitenzi tu, mstari kwa mstari. Upande wa Yesu utaona: anaingia chomboni, anaomba kisogezwe mbali kidogo na nchi kavu, anaketi, anafundisha, ndipo anaagiza kwenda kilindini. Ombi dogo limetangulia agizo kubwa. Jambo hilo halionekani kwa anayekimbilia samaki.

Kisha rudi nyuma hadi 4:38–39. Yesu ameshafika nyumbani kwa Simoni na kumponya mama mkwe wake homa. Kwa hiyo anayesema "kwa neno lako nitazishusha nyavu" hamtii mgeni aliyepita ufukweni. Wengi huruka hapa, halafu wanahubiri imani ya kufumba macho ambayo Luka hakuiandika.

Sasa ziwa lenyewe, la Galilaya. Mathayo, Marko na Yohana huliita bahari. Luka huliita ziwa. Lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana usiozidi 13, na kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kikubwa kuliko ziwa hilo lote. Mtu akisimama kilimani upande mmoja anaona ng'ambo. Hakukuwa na sangara. Walikuwapo samaki wa ukoo mmoja na sato, na wengine wadogo wa kukausha kwa chumvi. Mwaka 1986 maji yalipopungua, chombo cha karne ya kwanza kilikutwa kwenye tope la ufuko wake: urefu mita 8 na ushee, yaani karibu futi 27, upana mita 2.3. Taja futi, usitaje mita. Wavuvi watakipima wenyewe kwa macho na kukilinganisha na mtumbwi wao.

Nyavu ndizo zinazohitaji muda. Zilikuwa za kitani, si nailoni. Uzi wa kitani ni mnene na mchana samaki huuona, ndiyo maana kazi yenyewe ilikuwa ya usiku. Asubuhi lazima zioshwe matope na majani, kisha zianikwe, la sivyo zinaoza. Mstari wa 2 unasema wavuvi walikuwa wanaosha nyavu. Maana yake siku imefungwa. Agizo la mstari wa 4 basi linamgonga Simoni mara mbili: saa si yake, na nyavu alizokwisha kuziosha zinarudi majini, halafu zitataka kuoshwa upya. Eleza hilo polepole. Yeyote aliyewahi kutoa majani kwenye nyavu, tundu kwa tundu, huku jua linapanda na usingizi unambana, ataelewa kwa nini jibu la Simoni linaanza na uchovu kabla halijafika kwenye utii.

Hapo hapo ndipo mtego ulipo. Hapa dagaa huvuliwa wakati wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola au betri, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hulala ufukweni. Atatokea wa kuuliza: "Usiku ule kulikuwa na mbalamwezi nini?" Jibu ni fupi: Luka hasemi. Usijenge tafakari juu ya taa ambayo haimo. Kumwambia Simoni kwamba alikosa kwa sababu hakuwa na nuru inapendeza masikioni, lakini ni hadithi yako.

Mahali pa kukaa ni kati ya mstari wa 5 na wa 8. Katika Union Version, Simoni mchovu anamwita Yesu "Bwana mkubwa". Baada ya samaki, akiwa magotini, anasema: "Ondoka kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Kigiriki nacho kimebadili neno: kwanza epistata, jina la mkuu wa kazi au msimamizi, kisha kirie. Neno moja limedondoka, "mkubwa", na kila kitu kimegeuka. Bwana mkubwa unamwambia tajiri wa mtumbwi. Huyu wa mstari wa 8 haambiwi na mtu anayengoja mgao. Linganisha na tafsiri yako ya pili uone kama tofauti hiyo imebaki. Ikiwa imepotea, soma kikundini kutoka Union Version.

Mstari wa 10 nao una neno la kuchimba. "Utakuwa ukivua watu" ni sahihi, ila kitenzi cha Kigiriki, zogreo, kina maana ya kukamata kiumbe kikiwa hai. Dagaa anayefika mchangani hana uhai tena. Sentensi moja inatosha hapa. Ukirefusha utaanza kutoa somo la lugha.

Makosa mawili huharibu tafakari hii kuliko mengine. La kwanza ni kuigeuza ahadi ya biashara: shusha nyavu, mzigo utajaa. Angalia mwisho wa habari. Nyavu zinaanza kukatika, vyombo vinataka kuzama, na mstari wa 11 unasema waliacha vyote, pamoja na samaki wale. Aliyesikia ahadi ya faida hapo hakufika mstari wa mwisho. La pili ni mzaha juu ya mstari wa 7. Neno "kuzama" halisemwi kwa wepesi Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kwenye jumuiya yako huenda yumo mwenye kaburi Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa, au mwenye ndugu ambaye ziwa halikumrudisha. Soma mstari huo kwa sauti ya kawaida, uendelee.

Ukishakusanya hayo yote, tupa mengi. Andika sentensi moja inayobeba tafakari, kwa mfano: Simoni alitii akiwa bado amechoka, na ndani ya utii huo akamjua aliyemtuma. Chochote kisichoisaidia sentensi hiyo kikae kwenye kaunta buku. Andiko lako lisizidi ukurasa mmoja. Dakika mbili za kusoma, moja ya sura ya 4, nne za nyavu na "Bwana", tatu za swali na ukimya.

Swali liwe la kushikika. "Je, tunamtii Mungu?" litajibiwa ndiyo na wote, basi. Uliza hivi: kazi gani umeshaifunga, umeziosha nyavu zake, na hutaki kuambiwa uirudie? Ukimaliza kuuliza, nyamaza dakika nzima kwa saa. Wa kwanza kuvunja ukimya asiwe wewe.

Waanikaji na wauzaji wa dagaa, ambao wengi ni wanawake, huweza kuona kwamba habari hii ni ya wenye mitumbwi tu. Waelekeze kwenye neno "washirika" katika mistari ya 7 na 10: mzigo ulihitaji chombo cha pili, na waliopungiwa mkono walikuja. Neno hilo likiamsha malalamiko ya tajiri na mgao, usilizime wala usilijibu kwa haraka. Liandike, na uwaambie wasome Yakobo 5:4, juu ya ujira uliozuiliwa, kabla ya Jumamosi ijayo.