Kupanda na Kutunza Mwasumini katika Nyumba ya Mombasa

Mwasumini, mmea unaotoa maua meupe ya asumini yenye harufu nzuri, asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na jua la Mombasa haliudhuru hata kidogo. Kinachouangusha katika nyua zetu ni udongo uliochanganyika na mawe ya matumbawe, ambao una chokaa nyingi, pamoja na maji ya kisima yenye chumvi. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni, na dalili yake huonekana kwenye majani machanga, ambayo hugeuka manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani. Wengi huliona jani hilo wakadhani mmea una kiu, wakauzidishia maji yaleyale ya kisima, na hapo ndipo wanapoumaliza.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa kisiwani namshauri apande kwenye chungu kikubwa au debe lililotobolewa chini, lenye upana wa sentimita 40 hivi, badala ya kuchimba shimo uani. Changanya mafungu mawili ya udongo mwekundu, fungu moja la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, na fungu moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufuoni usiutumie, kwani una chumvi na vipande vya makombe, navyo ni chokaa ileile tunayoikimbia.

Mche hauna haja ya kununuliwa ikiwa jirani anao. Masika yanapoanza, chagua tawi ambalo si changa sana wala halijakomaa likawa gumu, ulikate urefu wa sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini, kisha ulichomeke kivulini katika mchanga wenye unyevu. Baada ya wiki nne hadi sita livute polepole; likikataa kutoka, limeshika.

Mahali pa kuweka chungu ni jambo la kufikiriwa vizuri, kwa sababu mwasumini unahitaji jua la saa sita kwa siku au zaidi. Wangu wa kwanza niliuweka chini ya ukuta mrefu, na kwa miaka miwili ulinipa majani mazuri ya kijani bila ua hata moja. Nilipoupandisha juu ya paa la zege na kuupogoa, ulitoa vikonyo, yaani maua ambayo hayajafumbua, kabla mwezi wa pili haujaisha.

Kupogoa ndiko kunakoogopwa, nami naelewa uchungu wa kukata mmea uliolelewa kwa mkono. Hata hivyo, asumini huchanua kwenye ncha za vichipukizi vipya, na tawi kuukuu lisilokatwa hurefuka tu. Kila mkupuo wa maua unapomalizika, punguza theluthi moja ya urefu wa matawi kwa mkasi mkali, kisha uongeze samadi kidogo juu ya udongo.

Kwa kumwagilia, kinga maji ya mvua kutoka paani uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Tia kidole udongoni. Pakiwa pakavu hadi kwenye kiungo cha kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, ili chumvi iliyojikusanya ioshwe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huenda ukalazimika kufanya hivyo kila siku.

Chunguza pia upande wa chini wa majani. Ukiona wadudu weupe kama pamba au utando mwembamba wa utitiri, ponda majani ya mwarobaini, uyaloweke usiku kucha, uyachuje, utie sabuni kidogo, na unyunyize jioni.

Asumini huchumwa alasiri, ikiwa bado kikonyo. Kilicho tayari kimejaa, ni cheupe kabisa na ncha yake imefumba. Chenye ukijani kiache hadi kesho. Kibane kwa kucha chini ya kikombe chake cha kijani, bila kulivuta tawi. Vikonyo vya kutungia kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia wanawake, vifunge katika kitambaa chepesi kilicholowana na kukamuliwa, uviweke mahali pa baridi, navyo vitafumbua usiku ukishaingia.