Kuandaa bendi ya matarumbeta kwa mwaka mzima wa mashindano

Bendi haishindi kwa korneti ya kwanza, ile tarumbeta fupi inayoshika sauti kuu. Wapigaji wangu hapa Kisumu wameshachoka kunisikia nikisema hivyo, lakini sina pengine pa kuanzia. Mpigaji wako hodari atapiga vizuri Januari na atapiga vizuri Agosti. Anayebadilika ni yule wa korneti ya tatu na yule kijana wa besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na hao ndio wa kupangiwa kalenda.

Mchana mimi hulehemu rejeta za magari Kibuye. Jioni nafundisha bendi ya kanisa. Nitakayosema ni ya bendi kama yetu: ala za mtumba, wanafunzi wanaotoweka shule zikifunguliwa, na Jumamosi zilizojaa matanga.

Hesabu ya mwaka anzia mwisho, urudi nyuma. Kwa wengi wetu kilele ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, ambalo huanzia chini kwenye kaunti ndogo na kupanda hadi taifa, mara nyingi mwezi wa Agosti. Silabasi, yaani kitabu cha masharti ya tamasha, ikitoka tu, itafute. Isome mwenyewe, usisimuliwe: idadi ya wapigaji, muda wa jukwaani, kibao cha lazima na cha hiari. Kuna bendi nzuri ambazo huondolewa kwa kuzidisha dakika.

Kibao cha hiari ndicho kinachowaponza mabendimasta. Wengi huchagua kwa kusikiliza solo. Mimi huchukua karatasi ya korneti ya tatu na ya besi, nikatafuta vipimo (baa) vinne vigumu kuliko vyote, nikawapa wenyewe wapige kwa nusu ya mwendo. Wiki mbili zikipita na bado wanakwama, kibao hicho narudisha kabatini, hata kama mwenye solo atanuna. Bendi inayopiga kibao cha wastani kwa utulivu humsumbua jaji kidogo kuliko bendi inayokimbizana na kibao kikubwa.

Kuhusu watu: bendi kamili ya mtindo wa Uingereza ina wapigaji 25 wa shaba na watatu wa ngoma. Huku kwetu nani anao? Ukiwa na 12, mimi ningegawa hivi: korneti nne, honi za tena (tenor) mbili, baritoni moja, tromboni mbili, yufoniamu moja na besi mbili. Besi mbili, ndiyo. Watu hupunguza besi kwanza kwa sababu ni ghali na ni nzito, kisha wanashangaa kwa nini bendi inasikika nyembamba. Na kuna jambo moja linalotuokoa maskini: katika bendi hizi karibu karatasi zote huandikwa kwa ufunguo mmoja wa juu (ile alama ya mwanzoni mwa mistari ya nota), isipokuwa ile ya tromboni ya besi. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza korneti ukimhamishia besi, vidole ni vilevile. Kinachobaki ni midomo na pumzi. Mwache azoee kwa nota ndefu, bila haraka.

Januari hadi Machi hatugusi kibao. Ni nota ndefu, ngazi, na nyimbo za tenzi zinazopigwa polepole na kwa sauti ya chini kabisa. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati ya kanisa hakuna anayesikia kitu, basi siku hizo tunasoma mdundo kwa kupiga makofi. Likizo ya Aprili ni dhahabu, maana wanafunzi wa bweni wako nyumbani: hapo ndipo kibao kinafunguliwa, kila kundi na kona yake, korneti nje chini ya mwembe, besi ndani. Usiwaunganishe mapema. Kidato cha nne uwape nafasi ambazo mwingine anaweza kuzishika, kwa sababu muhula wa tatu hutawaona, na hupaswi kuwadai.

Sasa matanga. Matanga na harusi ndizo zinazolipa nauli ya mashindano, siwezi kusema mziache. Lakini kupuliza saa nne juani, mbele ya umati, hufundisha mdomo kupayuka. Wakati wa msimu, mazoezi yanayofuata matanga huwa ya sauti ya chini tupu. Mwezi wa mwisho kabla ya shindano, pokea kazi chache, na tuma watu kwa zamu.

Siku za mwisho nasikilizisha bendi kwa mtu asiyeiona. Uingereza, katika mashindano makubwa, majaji hukaa ndani ya kibanda kilichofunikwa ili wasijue ni bendi gani inayopiga. Sisi tunafunga leso mbili dirishani, nyuma yake anakaa mzee mmoja aliyekuwa mpigaji wa Jeshi la Wokovu, na karatasi na kalamu. Haoni sare, haoni nani anatokwa jasho. Anaandika anachosikia. Mara ya kwanza aliandika neno moja tu, “Kelele,” akarudisha karatasi. Vijana walikasirika wiki nzima, ila walianza kusikilizana.

Safari nayo ina hesabu yake. Makanga akiona sanduku la besi atakwambia, “Mwalimu, hii ni abiria,” na atataka nauli ya kiti. Patana naye siku moja kabla, si stendi asubuhi. Kubwa zaidi ni hewa. Ala ya shaba ikipoa sauti hushuka, ikipata joto hupanda. Ukitoka Kisumu kwenye joto, ukapita Kericho, ukashuka Nakuru asubuhi na baridi ile, alama mlizoweka nyumbani kwenye slaidi, ile mirija ya kuvuta, hazina kazi tena. Pulizeni hewa ya moto ndani ya ala bila kutoa sauti, dakika kadhaa, kisha linganisheni sauti kuanzia besi kwenda juu. Wengi huanzia korneti, na besi inabaki kufuata.

Baada ya Agosti, pumzika kidogo kisha uoshe ala: maji ya uvuguvugu na sabuni, kamwe si ya moto. Mafuta ya kupikia usiyatie kwenye vali, vile vitufe vya kubonyeza, yataganda. Kipande cha kupulizia kikikwama, koleo isikisogelee. Mimi huletewa mabomba yaliyopindwa namna hiyo na kuyanyoosha si rahisi.

Matarajio? Kule Uingereza daraja la bendi hupangwa kwa matokeo ya miaka mitatu, na bendi ya daraja la chini hupanda kidogo kidogo kuelekea fainali ya taifa kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Nimeiga hesabu hiyo. Mwaka huu, kumaliza kibao bila mtu kupotea. Mwaka ujao, bendi ya watoto itakayojaza viti vya kidato cha nne. Wa tatu, besi ya pili iliyo yetu, si ya kuazima.

Ukienda kuinunua ya mtumba, usiangalie mng'aro. Vuta slaidi ya kila vali bila kubonyeza vali yenyewe, ishikilie kidogo, kisha ubonyeze. Ikilia “pop,” vali inafunga hewa vizuri. Ikikaa kimya, shusha bei sana au uondoke.