Kupunguziwa hukumu ya zamani ya bangi California: hatua kwa hatua kwa wenye grini kadi

Novemba 2016 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 64, na mtu mzima akaruhusiwa kuwa na bangi hadi gramu 28.5. Sheria hiyo inawagusa pia waliohukumiwa zamani: kosa kubwa linaweza kushushwa likawa dogo, au kufutwa. Nimewasindikiza ndugu kadhaa katika shughuli hii, na karibu wote hukwama hatua ya pili.

1. Jua kifungu chako. Vinavyohusika, katika Sheria ya Afya na Usalama ya California, ni 11357 (kukutwa nayo), 11358 (kulima), 11359 (kukutwa nayo kwa nia ya kuuza) na 11360 (kusafirisha au kuuza). Kama hukumbuki, piga alama za vidole za kielektroniki (Live Scan) uombe rekodi yako kwa Idara ya Sheria ya jimbo.

2. Chukua nakala zenye mhuri kabla ya kujaza fomu yoyote. Nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, uombe hati ya mashtaka, hukumu, na karatasi yoyote inayotaja gramu. Usitegemee rekodi ya vidole peke yake. Mara nyingi haisemi kiasi. Nasisitiza hivi kwa sababu uhamiaji ni mambo ya serikali kuu, na kwao bangi bado ni haramu. Hukumu ikifutwa kwa huruma ya jimbo tu, wao wanaweza kuihesabu vilevile, na siku ya kuomba uraia watakudai karatasi zake. Jalada likishafungwa, utazipata wapi? Gramu nazo zina uzito: aliyekutwa mara moja tu na gramu 30 au pungufu, za matumizi yake mwenyewe, ana kinga fulani dhidi ya kufukuzwa nchini, lakini lazima kiasi kithibitike. Muulize karani pia kama hukumu imeshabadilishwa, maana sheria ya 2018 iliagiza jimbo lizitafute hukumu hizi lenyewe, na wapo waliobadilishiwa bila habari.

Kisha umwone wakili wa uhamiaji, si wa jinai peke yake. Kama ulikiri kosa bila kuelewa kwamba lingehatarisha haki yako ya kuishi Marekani, kuna njia nyingine ya kufuta hukumu, kifungu 1473.7 cha Sheria ya Adhabu. Mimi kwa mwenye grini kadi ningeanza na hiyo, kwa sababu inalenga dosari ya kesi yenyewe, na dosari ndiyo uhamiaji wanayoisikiliza.

3. Jaza CR-400, fomu ya kuiomba mahakama ikupunguzie au ikufutie hukumu. Fomu inatenganisha anayetumikia adhabu na aliyemaliza. Weka alama panapokuhusu.

4. Mpelekee mwendesha mashtaka nakala, na uthibitishe kwa CR-401, fomu inayoonyesha kwamba amepelekewa. Akipinga, mzigo wa ushahidi ni wake. Kwa anayetumikia adhabu, jaji anaweza kukataa akiona ni hatari kwa usalama wa umma. Aliyemaliza kwa kawaida hahitaji hata kusikilizwa, isipokuwa aombe mwenyewe.

5. Amri ikitoka, omba nakala yake yenye mhuri, uiweke pamoja na zile za hatua ya 2.