Kuandaa panya wa kuchunguza madhara ya jeraha la uti wa mgongo

Wengi huanza kwa kuuliza kifaa gani cha kuumizia kinunuliwe, swali la utafiti likaja baadaye. Mimi naanzia upande wa pili.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja. Aliyeumia uti wa mgongo huandamwa na mengi: misuli kukakamaa, maumivu ya neva, vidonda vya mgandamizo, kibofu kugoma, shinikizo la damu kupanda ghafla. Hapa nachukua hilo la mwisho.

Hatua ya 2: Tatizo ndilo liamue mahali pa jeraha. Shinikizo hupanda hivyo hasa jeraha likiwa T6 (usawa wa pingili ya sita ya kifua, kuhesabu kutoka juu) au juu yake, kwa kuwa ubongo hupoteza udhibiti wa neva zinazobana mishipa ya damu ya tumboni. Ndiyo maana uti hukatwa T3 au T4. Jeraha la kugonga la T9 hufanana zaidi na ajali za binadamu na huwafaa wanaopima kutembea, ila swali letu halitalijibu.

Hatua ya 3: Pata kibali cha kamati ya maadili. Weka kundi linganishi: hawa hufunguliwa pingili, uti usiguswe. Makundi yapangwe kwa kura, na anayepima asijue nani ni nani.

Hatua ya 4: Upasuaji. Nusukaputi, joto la mwili, dawa za maumivu. Mkono uliofundishwa humaliza mapema.

Hatua ya 5: Uuguzi. Kazi yenyewe iko hapa. Kamua kibofu mara mbili au tatu kwa siku hadi kianze kujimwaga, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Majike hupendwa kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi, ingawa wagonjwa wengi ni wanaume. Usilisahau hilo unapotafsiri matokeo. Pima uzito kila siku, weka chakula sakafuni, kagua kama panya anajitafuna miguu. Andika mapema dalili zitakazokulazimu kumtoa kwenye utafiti.

Hatua ya 6: Kupima. Pandikiza kipimashinikizo ndani ya ateri, chukua vipimo kabla ya jeraha, kisha baada yake jaza puto dogo kwenye puru kwa dakika moja. Shinikizo lipande huku mapigo ya moyo yakishuka. Vyote viwili vikipanda, shuku kwanza kwamba panya ameshtuka tu. Na likipanda kabla hujagusa puto, kagua kibofu: kikijaa, nacho huamsha hali hiyohiyo.