Breki inalia: mambo ya kuangalia kabla hujampelekea fundi

Ukenda kwa fundi ukamwambia tu "breki inalia", utabadilishiwa pedi za mbele, kwa sababu ndizo rahisi kufungua, na kelele yako utarudi nayo nyumbani. Ijue kwanza. Inatoka mbele au nyuma? Ukikanyaga au ukiachia? Asubuhi tu, au hata gari ikishapata moto? Ukienda mbele pekee, au na ukirudi nyuma pia? Tafuta barabara tulivu, fungua vioo, zima redio, tembea mwendo wa 20 ukisikiliza.

Mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili za kikopo chake, chini ya boneti. Yakiwa yanashuka kidogo kidogo, mara nyingi ni pedi zinalika: pistoni, yaani kile kichuma kinachosukuma pedi, inatoka nje zaidi na mafuta yanaifuata. Usiongeze kabla ya kuangalia pedi, utaficha dalili. Yakishuka ghafla pana mvujo, na gari hiyo isitoke uani.

Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ya usiku, hasa kwa gari inayolala pwani, ni kutu nyepesi iliyopanda juu ya disiki, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi na kubanwa na pedi. Ukikanyaga mara tatu nne ikanyamaza, iache.

Kwiii nyembamba gari ikitembea, na pengine inakata ukikanyaga, ni kile kibati cha tahadhari cha pedi kimeanza kugusa disiki. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12. Kibati kikigusa imebaki kama 2. Badilisha ikifika 3. Na usikae kungojea mlio, maana pedi nyingi za bei rahisi hazina kibati hicho kabisa.

Krrr ya chuma kwa chuma: simama. Tiki-tiki inayofuata mzunguko wa tairi mara nyingi ni kijiwe kimenasa baina ya disiki na bati la nyuma yake, na njia zetu za kifusi cha mawe hazikosi vijiwe. Rudi nyuma pole pole, huenda kikatoka chenyewe. Mlio mmoja wa kugonga, "ta!", unapokanyaga baada ya kurudi nyuma: klipu za pedi hazipo au imelegea bolti ya kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pedi na pistoni. Mngurumo unaokua na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi, hauhusiani na breki. Usukani ukitetemeka ukikanyaga, disiki imelika bila usawa.

Sasa hili la pedi ya ndani, ambalo ndilo linalowaumiza watu.

Fundi mvivu huinama, akachungulia kwenye mianya ya ringi, akasema "pedi bado zipo". Anachokiona pale ni pedi ya nje. Kila disiki ina pedi mbili, na kwenye gari nyingi ndogo za Kijapani tunazoendesha, pistoni iko upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Chukua gari ya kubebea wageni inayolala Nungwi, hatua chache na maji. Kimpira cha pini kimechanika, chumvi na mchanga vimeingia, pini imeganda. Kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake kila siku, ya nje inapumzika. Inalia, inachunguliwa, inaambiwa nzima. Inabadilishwa beringi, bado inalia. Siku tairi inatolewa, pedi ya nje ina milimita 8 na ya ndani imebaki bati tupu, imeichimba disiki mifereji unayoweza kuingiza ukucha. Hapo ni pedi, ni disiki, na pengine kalipa.

Kwa hivyo usikubali jibu la kuchungulia. Sema: toa tairi, nionyeshe ya ndani. Ukifanya mwenyewe, weka jiwe nyuma ya tairi zilizobaki chini, legeza nati (Toyota nyingi ni spana ya 21) kabla ya kuinua, na usitegemee jeki peke yake; weka stendi. Fungua bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi ni ya 14, uinue kalipa juu. Ukiitoa kabisa, ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa mafuta. Pima pedi zote mbili kwa rula. Zikipishana milimita 2 au 3, zitazame pini: inatakiwa kuingia na kutoka kwa nguvu ya vidole. Isafishe, paka grisi ya breki ya silikoni, kidogo. Grisi ya beringi inavimbisha mpira, na baada ya miezi pini inaganda upya. Kabla ya kuirudisha pistoni ndani, angalia kikopo cha mafuta kisifurike, maana mafuta hayo yanakula rangi ya bodi.

Njia ya haraka zaidi: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa. Upande ulio moto kuliko mwenzake, hapo mara nyingi pana kitu kimeganda.

Pedi zibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa pamoja. Nenda dukani na pedi ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi. Aliyeko Pemba akumbuke kwamba spea ikikosekana Chake inasubiri boti, basi aagize mapema. Na vile vilima vya njia ya Mkoani si pa kujaribia breki inayolia. Shuka na gia ndogo.

Ukishafunga pedi mpya, kanyaga pedeli mara kadhaa gari imesimama mpaka iwe ngumu. Ukiondoka bila kufanya hivyo, mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini. Kisha punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, zikae sawa na disiki.

Tairi za nyuma zenye drami (ngoma ya chuma ambayo shuu za breki hubana kwa ndani, badala ya pedi na disiki), vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa. Lioshe kwa maji. Usipake mafuta popote ili kunyamazisha kelele. Na gari itakayokaa wiki nzima karibu na bahari, usiivutie handibreki, shuu zitashikana na drami. Tia gia, weka jiwe kwenye tairi.