Kura zimeshahesabiwa, kundi la mtandaoni lisife

Wiki ya kwanza baada ya matokeo ndiyo inayoua makundi mengi ya kampeni. Wasimamizi wamechoka, wanapotea kimyakimya, na mahali palipokuwa pakichemka usiku kucha panabaki picha za salamu za asubuhi. Ukisubiri mwezi mzima, umechelewa.

Ndani ya siku mbili tatu, mmeshinda au mmeshindwa, washukuru watu kisha uwaulize: tushike jambo gani sasa? Moja tu, na liwe la karibu: ahadi ya kufuatilia, bajeti ya kuchambua, au mgombea wa ngazi ya chini wa kumsaidia. Howard Dean alipojitoa kwenye mchujo wa urais Marekani Februari 2004, mwezi uliofuata kampeni yake, Dean for America, iligeuzwa kuwa kundi la kisiasa la Democracy for America, ikahamia kwenye kuwaunga mkono wagombea wengine. Wafuasi hawakuachwa bila kazi.

Usimamizi wapeni wale waliokuwa wakijibu maswali ya wenzao wakati wa kampeni, hata kama hawakuwa na cheo chochote. (Wenye vyeo mara nyingi wako mbioni kutafuta uteuzi.)

Orodha ya namba na barua pepe iwe na mtunzaji anayejulikana, na kila mtu aulizwe kama anataka kubaki. Wengi wataondoka, waacheni. Mia moja wanaojitokeza wanafaa kuliko elfu tano walionyamaza.

Michango ya pesa? Ipumzisheni kwanza.